Bajeti ya kaunti na matatu za usiku: mwananchi aanzie wapi?

Mkazi wa Kajulu
Hamjambo wenzangu. Ninaishi Kajulu na kufanya kazi mjini Kisumu. Ikifika saa mbili usiku matatu za kuja huku huwa zimeadimika, na anayechelewa hana budi kupanda bodaboda kwa nauli ya juu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa kaunti kazi ya uchukuzi wa umma wa barabarani, lakini vikao vya bajeti nilivyohudhuria vilizungumzia changarawe, makalavati na taa za barabarani tu. Je, sheria inaruhusu fedha za kaunti kugharimia huduma yenyewe ya magari?

Mhasibu, Milimani
Inaruhusu, ndugu yangu, ila ulifika kikaoni chungu kikiwa kimekwisha kupakuliwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, hakuna fedha za umma zinazotengwa nje ya mpango. Na mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, miezi mingi kabla ya makadirio ya bajeti, ambayo hupelekwa kufikia tarehe 30 Aprili. Nenda mapema, tena na ombi linalohesabika. "Tunaomba usafiri bora" hakuna mhasibu anayeweza kulitia bei. "Safari mbili za ziada kati ya saa mbili na saa nne usiku" litapigiwa hesabu.

Mwenye matatu, Kondele
Msisahau kwamba gari ni langu na mkopo ni wangu, na leseni ya kubeba abiria hutolewa na NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, si kaunti. Siji Kajulu usiku kwa sababu abiria watano hawalipi dizeli ya kwenda na kurudi mtupu. Kuniamuru hakutajaza tangi. Kaunti ikinilipa kwa kilomita kwa safari hizo, zipate abiria zisipate, nitakuja.

Msomaji wa Nakuru
Hapo ndipo penye ugumu. Kulipia safari ni matumizi ya kawaida, ambayo hugombania fungu moja na mishahara, ilhali sheria ya fedha za umma inadai angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Ndiyo maana steji na lami hupata fedha kwa urahisi zaidi. Wala msitegemee hoja kwamba ada ya steji irudi stejini, kwa kuwa Kifungu cha 207 cha Katiba huyaelekeza mapato hayo katika Mfuko wa Mapato wa kaunti pamoja na mapato mengine. Ombeni fungu dogo la majaribio, njia moja, kwa miezi kadhaa.

Mkazi wa Kajulu
Nashukuru. Nitawahesabu abiria wanaobaki stejini baada ya saa mbili kwa wiki nne, ndipo nimwone mwakilishi wadi kabla ya Septemba. Mwenzetu wa Kondele, safari moja ya kuja na kurudi hula lita ngapi?