Glaida ya umbo la mwewe inainua pua kisha inaanguka

Mbawa_Umoja
Habari wadau. Naunda glaida, yaani ndege ya mfano ya kurusha kwa mkono, haina mota, ya klabu ya sayansi shuleni hapa Nairobi. Bawa ni la foamu ngumu: sm 100 kutoka ncha hadi ncha, sm 16 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Uzito wote gramu 200. Mkia nimeukata panda kama wa mwewe, bila pezi la wima. Ikirushwa inainua pua, inasita, inadondoka kiubavu. Kosa liko wapi? Tena, wanafunzi wanataka kumrushia mwewe vipande vya nyama wauone mkia wake kwa karibu. Inafaa?

FundiGlaida
Makosa ni mawili. Pua inainuka kwa sababu uzito umekaa nyuma. Tia alama chini ya kila bawa, sm 5 kutoka ukingo wa mbele, uibebe glaida kwa vidole viwili hapo. Ikilalia mkia, ongeza plastisini puani, gramu 5 kila mara, hadi pua iiname kidogo. Usibadilishe kingine kwanza, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Kudondoka kiubavu ni habari ya mkia. Mwewe hahitaji pezi la wima kwa sababu anausokota mkia wakati wote na kujirekebisha kabla hajayumba. Foamu haina misuli! Iga bawa, mkia achana nao. Weka mkia wa ulalo wa sm 40 kwa 8, sm 45 nyuma ya bawa, na pezi la wima la sm 12 kwa 10. Kila ncha ya bawa ipande sm 5 kuliko katikati. Ikiinama upande mmoja itajirudisha yenyewe. Yale manyoya ya nchani yaliyoachana kama vidole humpunguzia mwewe kisulisuli cha hewa, lakini kwa foamu ya ukubwa huu utapata vipande vya kuvunjika tu.

Asubuhi_Njema
Kumbuka Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, hivyo glaida hiyohiyo inataka mwendo zaidi ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 9. Wengi huirusha taratibu mno, kisha wanalaumu bawa. Isukume kama mkuki, pua ikilenga nyasi mita 15 mbele, alfajiri kabla ya upepo, na mbali kabisa na njia ya ndege za uwanja wa Wilson. Gundi ya viatu huyeyusha foamu. Tumia ile nyeupe ya mbao, ilale usiku kucha.

MpendaNdege
Nyama hapana, tafadhali. Mwewe hunyakua chakula akipita, na akishazoea atafuata mkate mkononi mwa mtoto. Kucha zake zinachana ngozi. Saa nne asubuhi ardhi ikishapata joto, watazameni mwewe kwa darubini wakizunguka juu ya jalala la Dandora. Mkia unavyosokotwa unaonekana wazi.

Mkitaka kulisha ndege, wekeni mtama na ulezi kwa wale wadogo, pamoja na beseni la maji ya kina cha sm 3 linalosuguliwa kila siku, maana uchafu huwaambukiza magonjwa. Liwe mita 2 hivi kutoka kichakani, wapate pa kukimbilia kipanga akitokea. Huyo ndiye mwindaji wao.

Mbawa_Umoja
Asanteni sana. Pezi nilikate kwenye kadibodi?

FundiGlaida
Kadibodi ni nzito, na kila gramu ya mkiani itakudai karibu gramu 2 au 3 puani. Foamu ya mm 3 inatosha.