Mbegu za strelizia zimegoma kuota, huu ni mwezi wa pili tangu nipande

Mama Tunu, Arusha
Habari za jioni wadau. Marehemu mama alituachia kichaka kimoja cha strelizia, lile ua la chungwa lenye ulimi wa buluu, umbo kama kichwa cha ndege. Nataka kila mdogo wangu apate mche wake. Mwezi wa Sita nilichuma mbegu 20, nyeusi, ukubwa wa njegere, nikazifukia na manyoya yake ya chungwa kwenye makopo ya udongo wa bustani. Namwagilia asubuhi na jioni. Leo nimefukua tatu: moja imeoza, mbili ngumu kama kokoto. Nakosea wapi?

Babu Miche
Pole mwanangu. Hizo ngumu bado zina uhai, maji tu hayajapenya ganda. Ng'oa manyoya yote, yanaleta ukungu. Kisha chukua msasa, sugua upande mmoja, mbali na pale manyoya yaliposhikilia maana kiini kiko karibu na hapo. Weusi ukiisha na rangi hafifu ikaanza kuonekana, acha hapohapo. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu siku mbili, ukiyabadilisha kila siku. Panda kina cha sentimita moja, mchanga nusu na mboji nusu. Na maji punguza, udongo uwe na unyevu tu.

Neema wa Moshi
Shikamoo Babu. Dada, naongezea joto. Mbegu hizi zinataka nyuzijoto 25 na zaidi, na Arusha mwezi wa Sita na wa Saba unaijua baridi yake. Zangu niliziweka juu ya friji, kwa nyuma kule kunakopata joto. Ya kwanza ilitoka siku ya 38, ya mwisho mwezi wa tano tangu nipande. Ukishapanda upya, tafadhali usifukue tena, kimzizi kinavunjika kirahisi mno.

Fundi Bustani
Mbona usigawe kichaka? Mche wa mbegu unaweza kukuweka miaka minne, mitano kabla ya ua la kwanza. Chipukizi lenye mizizi yake linawahi sana.

Mama Tunu, Arusha
Kimeng'ang'ania ukuta, kaka, naogopa kukiua. Ndicho pekee alichopanda kwa mkono wake. Nitasubiri hiyo miaka. Nimeshasugua zote 19 na kuziloweka, ila moja inaelea. Niitupe?

Babu Miche
Ikielea hadi siku ya pili, mara nyingi ni tupu. Lakini usiitupe, ipe kopo lake peke yake.