Ushuru wa soda utozwe kwa lita au kwa gramu za sukari?

Mtoa mada

Wakuu, habari za majukumu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayepinga ajue anapinga nini: ushuru wa bidhaa kwenye soda na energi hapa Tanzania utozwe kwa gramu za sukari zilizomo, badala ya kutozwa kwa lita kama ilivyo sasa.

Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zipandishe bei halisi ya tumbaku, pombe na vinywaji vyenye sukari kwa asilimia 50 au zaidi ifikapo 2035. Tangu hapo, likitajwa suala la sukari, watu wanagawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanasema tuache sukari kabisa, kila mtu kwa nguvu ya nafsi yake. Wa pili wanasema serikali isituingilie kwenye vikombe vyetu. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanamsahau mtu wa tatu, ambaye ni kiwanda.

Chukua chupa ya kola ya mililita 350, igeuze usome lebo. Kila mililita 100 zina gramu 10.6 hivi za sukari, kwa hiyo chupa nzima ni gramu 37. Kijiko cha chai kisichojaa sana ni gramu 4. Hivyo ni vijiko tisa, vinavyoshuka ndani ya dakika tano, na aliyekunywa bado ana njaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unasema chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima asilimia 5 ni kama gramu 25. Soda moja imeshaipita, hata chai ya asubuhi hatujaihesabu. Hakuna mama anayemwekea mtoto vijiko tisa kwenye kikombe cha uji. Mtoto huyohuyo akipewa soda nzima kwenye sherehe, hakuna anayeshtuka, kwa sababu sukari ile hakuna aliyeiona ikimiminwa.

Kwa ushuru wa lita, kinywaji chenye gramu 11 na chenye gramu 4 vinalipa sawa. Mwenye kiwanda akipunguza sukari, ushuru wake haupungui hata senti. Uingereza walitangaza ushuru wao Machi 2016 na kuuanza Aprili 2018, kwa hiyo viwanda vilipewa miaka miwili ya kujipanga. Chini ya gramu 5 kwa mililita 100, ulikuwa hulipi. Kuanzia 5 ulikuwa unalipa senti 18 za pauni kwa lita, na kuanzia 8 ulikuwa unalipa 24. Irn-Bru, soda ya Scotland inayopendwa mno kule, ikashushwa kutoka gramu zaidi ya 10 hadi chini ya 5 kabla hata ushuru haujaanza. Kati ya 2015 na 2019 wastani wa sukari kwenye vinywaji vinavyoguswa na ushuru huo ulishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Hazina ilikuwa imekadiria kukusanya pauni milioni 520 kwa mwaka, ikaishia kama milioni 240 mwaka wa kwanza. Kwangu hiyo pesa iliyokosekana ndiyo dalili kwamba ushuru ulifanya kazi yake.

Karibuni.

Mchangiaji, Kidatu

Mwanangu mtoa mada, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mkulima wa nje, yaani nalima shamba langu mwenyewe na kukiuzia kiwanda, miwa yangu inakwenda kiwanda cha sukari cha Kilombero. Kila anayesimama kusema sukari ni sumu, mimi nasikia anayegusa ada ya watoto wangu. Ninyi wa mjini mnajua sukari ikiwa kwenye mfuko. Muwa ukishachomwa shambani na gari lisije, kila siku inayopita utamu unashuka, na sisi tunalipwa kwa utamu. Masika ikikaza, barabara hazipitiki na miwa inalala. Hasara hiyo ni yetu. Sasa unataka na walaji nao wapunguzwe.

Afrika Kusini walianza Aprili 2018, wakatoza senti 2.1 ya randi kwa kila gramu inayozidi 4 kwa mililita 100. Wakulima wa miwa wa kule wanalalamika mpaka leo kwamba soko lao limeumia. Hilo mbona hukulitaja?

Mtoa mada

Mzee wangu, ahsante, na hoja yako ina uzito, ila naomba utofautishe sukari mbili. Miwa yako inatoa sukari ya mezani, ile yenye rangi ya udongo kidogo, tunayonunua dukani kwa robo na nusu. Soda, biskuti na pipi zinatengenezwa kwa sukari ya viwandani, iliyosafishwa mpaka ikawa nyeupe kabisa, na hiyo sisi tunaiagiza kutoka nje. Afrika Kusini viwanda vya soda vinanunua sukari ya miwa ya nyumbani, ndiyo maana mkulima wa kule akaumia. Kwetu soda ikipungua sukari, kinachopungua ni shehena inayoshushwa bandarini. Muwa wa Kidatu uko kwenye kikombe cha chai, na kikombe cha chai sijakigusa.

Mchangiaji, Mbagala

Hapo kwenye kikombe cha chai ndipo ninapotaka tukae.

Mimi ni mama wa watoto wanne na nafanya kazi ya mama lishe. Kwangu soda ni ya Idi na ya mgeni. Sukari inayoingia miilini mwetu haitoki kwenye soda, inatoka kwenye chai asubuhi, chai jioni, maandazi, vitumbua, juisi ya ukwaju ninayouza mwenyewe, na uji wa mtoto. Mwaka 2024 mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa, bei elekezi ya kilo ya sukari Januari ilikuwa kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kutegemea mkoa, lakini huku mtaani tulinunua kwa 4,000 na kuendelea. Kipindi kile niliona jambo. Wateja wangu waliokuwa wakisema chai bila vijiko vitatu si chai wakanywa ya kimoja. Nilikuwa nachemsha tangawizi nyingi, iliki na mdalasini, naweka sukari mwenyewe jikoni badala ya kuacha bakuli mezani. Wiki za mwanzo walinung'unika. Baadaye wakazoea, na bei iliposhuka wapo walioona chai ya zamani ni tamu kupita kiasi.

Kwa hiyo mtoa mada, sikatai ushuru wako, lakini unaulenga upande wa wenye pesa ya soda kila siku. Mtu wa kawaida unamsaidiaje? Na hao wanaotuambia tuache sukari nyeupe tutumie asali wajue kilo ya asali nzuri ni bei gani.

Mchangiaji, muuguzi

Dada yangu wa Mbagala, hilo la asali nalisikia kila siku ya kliniki. Nahudumia wagonjwa wa kisukari. Mtu anakuja kipimo kimepanda, ukimuuliza anasema, "Sista, mimi sukari niliacha zamani, natumia asali tu." Mwingine sukari guru. Mwingine amegeukia juisi ya miwa kwa kuwa ni ya asili, anakunywa glasi mbili kwa siku. Tusipotoshane. Asali kwa asilimia 80 hivi ni sukari. Sukari guru ni sukari ileile ya muwa isiyosafishwa, madini yake ni kidogo mno kubadilisha chochote. Mwongozo wa 2015 alioutaja mtoa mada unaihesabu asali, na juisi ya matunda pia, kwenye kundi hilohilo la kupunguza. Ukila chungwa zima na nyama zake, nyuzinyuzi zinafanya utamu uingie polepole. Ukikamua machungwa manne kwenye glasi umebakisha utamu na umetupa kilichokuwa kinauzuia.

Jambo la pili ambalo mjadala huu unalikwepa ni sahani. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Si wote hao waliokuwa wanywaji wa soda. Tuna mlima wa wali au ugali wa sembe, mchuzi pembeni, na mboga za majani kiganja kimoja. Mwili hautofautishi sana wanga uliokobolewa na sukari, zote zinafika kwenye damu haraka. Nikikaa na mgonjwa sianzi na soda. Naanza na sahani yake. Namwambia mchicha au matembele yajae nusu ya sahani, maharage au dagaa robo, na wali au ugali ubaki robo, na kama anaweza kupata dona badala ya sembe apate. Tembea. Chai punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utafuata. Mgonjwa anayejaribu kuacha vyote siku moja simwoni akirudi kliniki akiwa bado ameshikilia.

Ushuru wa gramu naunga mkono. Lakini naomba lisiwe jibu pekee.

Mchangiaji, Mwanza

Nina duka la jumla na rejareja, naongea kutoka kaunta.

Moja, soda ikipanda bei mteja haendi kununua maji. Ananunua pakiti ya juisi ya unga na robo ya sukari, anachanganya jagi zima la familia. Sukari imeongezeka na ushuru haukumpata. Mbili, energi. Vijana wa bodaboda na wabeba mizigo wanainywa kwa sababu inawapa nguvu ya kumaliza siku kwa bei ndogo kuliko chakula. Ukiipandisha bila kumpa mbadala unamwonea. Tatu, nchi nyingine hazikuhitaji hesabu za gramu. Mexico walianza Januari 2014 na peso moja kwa lita, ununuzi mwaka huo ukashuka kwa kama asilimia 6. Lita inapimika kirahisi. Gramu nani atazipima? Kiwanda kikiandika 5 na ndani ni 9, nani atajua?

Mtoa mada

Kaka wa Mwanza, hoja yako ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote zilizoletwa hapa, kwa hiyo niijibu kwa kirefu.

Mexico walimpandishia mnywaji bei na kumwachia aamue. Akihama kwenda kwenye juisi ya unga, kweli hatujapata kitu. Ushuru wa gramu unafanya kazi mlango wa nyuma. Ukiweka mpaka, tuseme gramu 5, na ukavipa viwanda muda, kiwanda kinachoshusha sukari hakilipi, hakina sababu ya kupandisha bei, na mteja wako ananunua chupa ileile kwa bei ileile ikiwa na nusu ya sukari. Hana pa kukimbilia kwa sababu hakuna kilichomfukuza. Kijana wa bodaboda naye anapata energi yake. Na juisi ya unga iingizwe kwenye hesabu hiyohiyo, kwa gramu zitakazokuwa kwenye glasi iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza.

Kupima si kazi ngeni. Shirika la Viwango lina maabara, sampuli inachukuliwa dukani, lebo ikidanganya kiwanda kinalipa ushuru wa daraja la juu pamoja na faini. Kudanganya kwenye lita kunawezekana vilevile.

Mama wa Mbagala ameuliza mtu wa kawaida anasaidiwaje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeutaja ushuru wa vinywaji vyenye kaboni kati ya vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo. Viwanda vitakavyokaidi kupunguza, pesa yao iende huko moja kwa moja. Na kile ulichofanya wewe na bakuli la sukari, kulitoa mezani, ndicho ninachotaka kiwanda kilazimishwe kukifanya. Wewe ulifanya kwa sababu bei ilikubana. Wao hakuna kinachowabana.

Mchangiaji, muuguzi

Kuna tundu moja mtoa mada hajaliziba. Viwanda vya Uingereza vilishusha sukari, vingi vikaziba pengo kwa vitamu bandia. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu hivyo visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri ule haukuwahusu wenye kisukari tayari, lakini watoto wetu unawahusu. Mtoto anayekua akinywa kitu kitamu mno kisicho na sukari, ulimi wake haujajifunza kitu. Nataka kinywaji kiwe na utamu mdogo kweli, sitaki utamu uleule kwa jina lingine.

Mtoa mada

Sista, nakubaliana na wewe. Basi kinywaji chenye vitamu bandia kisisamehewe moja kwa moja, kilipe daraja la chini, na lebo iseme kwa herufi kubwa mbele ya chupa kwamba kina vitamu hivyo. Hapo kiwanda kikitaka msamaha kamili kitalazimika kushusha utamu wenyewe.

Mchangiaji, Kidatu

Nimefuatilia. La sukari ya viwandani kutoka nje nimelielewa, na kwa leo halinigusi. Lakini sisi huku tunasikia kila mara mazungumzo kwamba viwanda vyetu navyo vije vizalishe sukari ya viwandani, nchi iache kuagiza. Kiwanda chetu kimepanuliwa, na sisi tumehimizwa tupande zaidi. Wengine wamekopa kwa ajili hiyo. Siku soda ya Dar es Salaam itakapotengenezwa kwa muwa wangu, huo ushuru utakuwa unanigusa mimi, na nitakuwa nimeshapanda.

Kwa hiyo ninachotaka kisemwe sasa, kabla ya kuingia kwenye sheria yoyote: ushuru huu utangazwe pamoja na makadirio ya sukari ya viwandani itakayohitajika nchini baada ya viwanda kupunguza. Mkulima ajue apande ekari ngapi. Nikipewa hesabu hiyo mapema, nitapanda miwa kiasi na sehemu nyingine mpunga, na hapo mtaniona naunga mkono. Nani kati yenu anaweza kuniambia hesabu hiyo inafanywa na ofisi gani?