Wajukuu wa Bi Mwanahawa, Muheza

*Jumatano*

Mwanaidi 06:12: Assalam aleikum familia. Nakumbusha mchango wa dawa ya Mama Mdogo. Kila nyumba 30,000. Dozi nzima chupa 6, laki 4 na 20. Kianzio nimeshalipa mfukoni mwangu. Mwisho kesho saa 6 mchana.

Mwanaidi 06:14: *Imesambazwa mara nyingi*
SARATANI SI HUKUMU YA KIFO!!! Majani ya stafeli na mizizi 7 ya porini. Kizazi, titi, tezi dume, ZOTE. Muhimu: usichanganye na dawa za hospitali, nguvu hupotea.

Mwanaidi 09:40: Tiki za bluu naziona.

Kibwana 09:58: Stafeli si lipo uani kwetu, popo wanakula bure. Sijaona popo anaumwa 😂

Salim 10:01: Popo wa Muheza wana bima

Mwanaidi 10:03: Chekeni tu. Mgonjwa anaumia.

Zaina Nesi 13:25: Ndo natoka zamu. Shikamoo dada Mwanaidi. Jumatatu si ana miadi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar? Hii dawa inaingia wapi?

Mwanaidi 13:27: Aanze nayo apate nguvu. Hospitali ya kwanza ilimzungusha miezi na vidonge vya UTI mtu anatoka damu. Leo ndo niwaamini?

Zaina Nesi 13:36: Hapo una haki, hata mimi iliniuma. Lakini majibu ya kinyama alichokatwa kupimwa yametoka: mlango wa kizazi, hatua ya pili. Hiyo inatibika. Atapigwa mionzi kwa wiki kadhaa, na dripu mara moja kwa wiki. Dripu yenyewe, sisplatini, ni kali kwa figo, ndo maana wanapima damu kabla ya kumwekea. Figo zikisoma vibaya inaahirishwa. Sasa mizizi 7 isiyo na majina, nani anajua itazifanya nini figo zake?

Mwanaidi 13:38: Ni miti shamba, haina kemikali.

Zaina Nesi 13:39: Mbono nao ni mti, dada. Utazitafuna mbegu zake?

Salim 13:44: Ila nasikia stafeli limethibitishwa maabara

Zaina Nesi 13:52: Kwenye kisahani cha maabara linaua seli, kweli. Hata jiki ukiimwaga pale inaua. Kwa binadamu halijathibitishwa. Na kule Guadeloupe, visiwa vya Karibea, kwa wanaolitumia sana, tunda na chai ya majani, madaktari wameona ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa usiosikia dawa za kawaida. Sipingi miti mimi. Vinkristini wanayowekewa watoto wenye saratani ya damu ilitoka kwenye ua la Madagascar. Ila imechujwa, inapimwa kwa miligramu, na bado inaleta ganzi vidoleni. Anayekwambia achana na hospitali, huyo ndo wa kumkimbia.

Kibwana 13:53: Kwa hiyo jiki inatibu 😳

Zaina Nesi 13:53: KIBWANA

Salim 16:20: Dada Mwanaidi, bila ubaya. Hesabu ya gari la kumpeleka Mjomba Omari Loliondo, kwenye kikombe cha Babu, hatujaiona mpaka leo.

Mwanaidi 16:21: Ahaa! Nilijua tu.

Mwanaidi 16:22: 2011 nani alilala kwenye foleni ya Samunge na mzee ndani ya gari? We Salim ulikuwa Mombasa, hata nauli hukutuma.

Salim 16:24: Shamba la Pongwe limeenda kwa kikombe cha shilingi 500.

Mwanaidi 16:24: Gari ndo lilikuwa ghali, sio kikombe!!

Kibwana 16:30: Tena kwa mchungaji mstaafu. Mjomba akasema bismillahi, akanywa 😂

Mama Mdogo Asha 16:41: Mimi nipo humu jamani

Mjomba Rashidi 20:47: Nimesoma yote. Kaka yangu Omari alikwenda Samunge na sindano zake za sukari. Aliporudi alisema amepona, akazitupa. Mliobeba jeneza mnajijua. Mwanaidi, ulimhudumia vizuri, hakuna anayekudai, na habari ya gari isitajwe tena humu. Asha ni mdogo wangu wa mwisho. Jumapili anapanda basi. Hizo chupa asizionje mpaka daktari wa huko aulizwe.

Salim 20:59: Sawa mjomba. Samahani.

Mwanaidi 21:15: Sawa mjomba.

Mwanaidi 21:30: Haya. Mchango sasa ni wa nauli na chumba, maana kwenda na kurudi kila siku hawezi. Nani anaongozana naye? Zaina?

Zaina Nesi 21:34: Jumatatu niko zamu dada. Nafika Jumatano.

Mwanaidi 21:35: Fatuma? Si uko hapo Temeke.

Mwanaidi 22:05: Fatuma mpenzi, tiki ya bluu naiona.

Mwanaidi 22:11: Na mwenye dawa anasema kianzio hakirudi. Chupa 2 ziko njiani, amezipakia kwenye basi.

Zaina Nesi 22:13: Zikifika nipigie picha lebo.

Mwanaidi 22:20: Hazina lebo.

*Alhamisi*

Hemedi Muscat 05:50: Salaam ndugu zangu, ndo nafungua simu. Nimetuma 50,000 kwa Mwanaidi. Mama Mdogo ugua pole, inshallah. Hiyo dawa ya mizizi, ya sukari wanayo?