Maandishi ya makaburi ya kale Tanga: tuyasomeje bila kuyaharibu?

Wadau, tunaorodhesha makaburi ya zamani. Herufi za Kiarabu zimefifia, na picha za adhuhuri hazionyeshi kitu. Tupake chaki?

— Chaki hapana, ndugu! Inaingia kwenye vitundu vya chokaa, haitoki tena. Nenda saa 1 asubuhi, jua la upande: kivuli kinalala ndani ya kila herufi. Mchana mulika kwa kioo kutoka pembeni. Rula iwemo kwenye kila picha.

— Brashi ya waya pia marufuku, inang'oa lipu. Kule Tongoni, magofu ya kale karibu na Tanga, nguzo nyingi za makaburi zimeanguka. Pimeni hata kipande kilicholala, msikisogeze.

— Tarehe ni za Hijria, kalenda ya Kiislamu. Kupata mwaka wa kawaida, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622: 1250 ni takriban 1834. Na wazee wa mtaa wapigiwe hodi kwanza, tafadhali.