Desemba imefika, mmeanza tena kuwapa taji wezi wa video

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la burudani, haujaja kuburudisha mtu. Nimekuja na povu, mwenye ndoo akinge.

Kila Desemba ni yaleyale. Kurasa zinamwaga "Video 10 bora za mwaka", magrupu ya WhatsApp yanapiga kura, na humu ndani mnafungua nyuzi za "2024 nani kakubamba zaidi?". Juzi nimekaa nikasoma uzi mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa saba. Mnaowataja wengi wao hawajawahi kushika kamera maishani. Wanachukua video ya mtu, wanakata jina lake, wanabandika emoji mbili za kucheka hadi machozi, wanaandika "subiri mwisho", basi. Ikifika Krismasi hao ndio watengeneza maudhui wetu bora. Maudhui gani walitengeneza? Kwa hesabu hiyo yule jamaa wa Kariakoo aliyekuwa anatuchomea CD alikuwa mwanamuziki mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki.

Ngoja niwaambie kilichonipandisha presha, msidhani nimeamka tu na hasira zangu.

Mdogo wangu ni fundi pikipiki, Mbagala huko. Mwezi wa tatu alirekodi video ya kusafisha kabureta ya Boxer, dakika kumi na moja. Nilikuwepo, ndiyo maana naongea. Hana stendi ya simu, kwa hiyo tulipindua stuli, simu tukaifunga kwenye mguu wake kwa mpira wa tyubu, ile mipira ya kufungia mizigo. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla jirani yake wa kuchomelea hajawasha mashine. Kipande cha kutoa boya alikirudia mara nne, maana kila akiinama kichwa kinaziba. Sauti aliiweka usiku akiwa amejifunika blanketi gubigubi ili mbwa wa mtaani wasisikike, jasho linamtiririka, mkewe kando anacheka mpaka wakaanza upya. Kuihariri siku tatu, kwenye simu hiyohiyo, ikipata moto anailaza sakafuni ipoe. Wakati wa kuipandisha YouTube bando likakata ikiwa imebaki kidogo tu, tukachangishana.

Na ilitoka vizuri, sisemi kwa sababu ni damu yangu. Anakueleza kwa nini pikipiki inakohoa ukivuta mafuta, anafungua bakuli la chini unaona uchafu umetuama kama machicha ya chai, anatoa jeti, kile kipande kidogo chenye kitundu cha kupitishia mafuta, kwa bisibisi bapa, anaipuliza, anaiinua juani uone kitundu chake. Halafu dakika ya mwisho anasema neno ambalo ndilo roho ya video nzima: jeti usiichokonoe kwa waya. Kile kitundu kimepimwa kiwandani. Ukikipanua hata kwa unywele, pikipiki itakunywa mafuta kuliko ulivyoikuta. Baada ya hapo ndipo anataja jina lake na gereji ilipo.

Mwezi wa sita ukurasa mmoja mkubwa, siutaji, ukaibeba. Sikilizeni ufundi wao. Dakika ya mwisho wameikata yote, maana ndiko kulikokuwa na jina. Pembeni alipoandika jina wakaziba kwa emoji. Kisha, ili mitambo ya kunasa video za wizi isiitambue, wakaigeuza kushoto kulia kama unaitazama kwenye kioo. Namba ya pikipiki inasomeka kinyumenyume. Pedali ya gia iko kulia. Boxer gani duniani ina gia kulia? Mdogo wangu, mtu wa mkono wa kulia tangu azaliwe, ghafla ni mashoto. Na chini yake watu wamejipanga, "fundi noma", "huyu fundi apewe maua yake", hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona namba inasomeka kama Kiarabu.

Wiki mbili baadaye akaja boda mmoja gereji, pikipiki inatema moshi mweusi kama lori la mkaa. Anaulizwa imekuwaje, anasema alisafisha kabureta mwenyewe kwa kufuata video, na jeti ilipogoma kuzibuka akaichokonoa kwa uzi wa waya wa breki. Video ipi? Akatoa simu. Ile ya gia kulia. Yaani anamwonyesha fundi video ya fundi huyohuyo na wala hamtambui! Onyo walilolikata kwa ajili ya kuficha jina ndilo lililomuunguza yule kijana jeti mpya na siku nzima bila kazi.

Mdogo wangu akawaandikia. Jibu, nanukuu: "Tumekupa promo bro, shukuru." Wakamblock. Promo ya nani, na jina mmelikata? Akajaza fomu ya kulalamikia hakimiliki, video ikashushwa, kesho yake ipo kwenye kurasa nyingine tatu. Na msiniambie "aende COSOTA", ile ofisi ya hakimiliki. Sheria ya hakimiliki ya 1999 tunaijua kuwa ipo. Fundi akifunga gereji siku mbili kufuatilia video, watoto watakula sheria?

Kuna watakaosema ni video tu, kapoteza nini. Kapoteza hivi: YouTube haikugawii hela ya matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au zile fupi zitazamwe mara milioni 10 kwa siku 90, ambayo tuiache). Ukivuka hapo wanakupa asilimia 55 ya tangazo kwenye video ndefu, nayo haitoki mpaka ifike dola 100. Dogo alikuwa na wafuasi 612. Kila aliyeitazama kule kwa wezi ni dakika zake zimemwagikia shamba la jirani.

Sasa juzi, kapsheni: "Video kali za mafundi 2024". Namba tatu, gia kulia. Jina la ukurasa chini yake, kikombe cha dhahabu pembeni. Na humu kuna mtu kaileta kwenye uzi wa video bora, kapata laiki kibao. Ndipo nikasema leo nafungua uzi wangu.

Wenzetu hili jipu walishalipasua. Desemba 2023 Mwingereza mmoja, Harry Brewis, chaneli yake inaitwa hbomberguy, alitoa video ya karibu saa nne nzima kuhusu wizi wa kazi za watu YouTube. Saa nne! Niliitazama kwa usiku mitatu, bando la usiku. Jamaa hakupiga kelele, alichofanya ni kuweka maneno ya mwizi upande huu na maneno ya mwandishi wa awali upande ule, unasikia mmoja anasoma na mwingine unamsoma, sentensi kwa sentensi, mpaka unaona aibu wewe mtazamaji. Kisha akasema mapato ya video ile yataenda kwa walioibiwa. Kwangu hiyo ndiyo video bora ya 2023 na haina mshindani. Hapa kwetu ingetoka, mngeikata vipande vya sekunde thelathini mkaviposti bila jina lake.

Nani wangu wa 2024? Nitawaambia, ila nataja mtengenezaji na nataja alichofanya, mjifunze jinsi ya kusifia.

Jenny Nicholson, Mmarekani. Mwezi wa tano alitoa video ya zaidi ya saa nne kuhusu hoteli ya Star Wars ya Disney kule Florida, ile iliyofunguliwa Machi 2022 na kufungwa Septemba 2023. Hoteli unalala siku mbili, watu wawili mnalipa dola kama 4,800, eti mko ndani ya chombo cha angani. Mimi filamu zile hata sizifuatilii, lakini sikuweza kuiacha. Dada amelipa hela yake, anaenda kula chakula cha usiku chenye onyesho la mwimbaji, anakalishwa nyuma ya nguzo. Nguzo! Amerekodi kutoka palepale alipokaa, unaona nguzo, na mwimbaji unamwona kipande. Anatoka hapo anakuchambulia ile programu ya simu iliyotakiwa kuendesha mchezo, inavyomwacha solemba siku nzima akidhani kakosea yeye. Huo ndio uzi wa malalamiko, wakuu. Huu wangu ni mtoto mchanga. Ana risiti za kila kitu na wala hapandishi sauti.

Lakini kazi kubwa kuliko zote mwaka 2024, kwa macho yangu, haina jina moja. Ni wale vijana wa Kenya wa mwezi wa sita. Muswada wa Fedha 2024 ni karatasi nene ya kisheria ya kumlaza mtu usingizi. Wakaingia TikTok wakaufungua kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikikuyu, kwa Kijaluo. Mtu amekaa kitandani na kilemba cha kulalia, nyuma pazia, anakusomea: mkate unawekewa VAT asilimia 16, gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kisha anakufanyia hesabu kwa gari la mjomba wake. Mimi niko Dar, muswada wala haunihusu, nikajikuta naujua kuliko bajeti yetu. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia mpaka bungeni Nairobi, na watu walipoteza maisha. Tarehe 26 Rais Ruto akatangaza hausaini. Sitaki siasa hapa, nasema kama mtazama video: lini umeona video ya dakika mbili iliyorekodiwa kitandani ikafanya kazi kama hiyo? Sasa nitafutieni hata mmoja wao kwenye hizo "10 bora Afrika Mashariki". Hakuna. Kuna mbuzi aliyeingia saluni, tena wa kuibwa.

Grant Sanderson wa 3Blue1Brown, chaneli ya hisabati YouTube, naye nimtaje. Mwezi wa nne alianza kueleza jinsi zile programu za kupiga soga kama ChatGPT zinavyofanya kazi ndani, kwa michoro inayotembea, na hiyo michoro anaichora kwa programu aliyoiandika mwenyewe, Manim, kisha akaiachia dunia nzima itumie bure. Linganisha na huyo wa kugeuza gia kulia. Tom Scott, Mwingereza wa video za maarifa, alisimamisha video zake za kila wiki tarehe 1 Januari 2024 baada ya miaka kumi, na mwaka huo nafasi yake niliiona tupu.

MrBeast simchukii. Mwezi wa sita 2024 kaipita T-Series, kampuni ya muziki ya India, akawa namba moja duniani kwa wafuasi YouTube, hongera zake, na visima alivyochimba 2023, vingine Kenya na Uganda, watu wanakunywa maji. Ila huyo hahitaji kura yako wewe unayekopa bando.

YouTube wenyewe hawana usafi wa kutunyooshea kidole. Walikuwa na video yao ya kufunga mwaka, Rewind, tangu 2010. Ya 2018 ikawa na dislike nyingi kuliko video yoyote pale kwao, kwa sababu hiihii: waliofanya kazi mwaka mzima hawakujiona ndani. 2020 wakairuka, baadaye wakaacha kuitengeneza kabisa, na Novemba 2021 wakatuficha hata hesabu ya dislike. Ndiyo maana leo mwizi akipandisha video huwezi kuona wangapi wamemkataa.

Nawasilisha. Wa kutukana atukane, ila aanze kwa kutaja jina la mtu aliyeitengeneza video anayoipenda.

NYONGEZA 1, saa tatu usiku: Mkuu unayesema nashabikia wazungu, umeruka aya ya Kenya, rudi. Na tukifika kwenye ya nyumbani, nani alimpa Kili Paul heshima kwanza? Kijana wa Kimasai, yuko kijijini na dada yake Neema, wanaigiza nyimbo za Kihindi midomo inaenda sawa na maneno. Februari 2022 ubalozi wa India ndio uliomwita ukampa heshima, na Modi, Waziri Mkuu wa India, akawataja wote wawili kwenye kipindi chake cha redio. Humu wakati huo mlikuwa mnauliza "kwani ana kazi gani?". Nyuzi zipo, msinilazimishe kuzifufua.

NYONGEZA 2: Mnaoniomba PM jina la chaneli ya dogo, hapana, mtasema nimefungua uzi kutafuta kiki. Anayetaka kusafisha kabureta ameshasikia la muhimu: waya weka mbali.

NYONGEZA 3, saa tano na nusu: Dogo kanipigia sasa hivi. Kuna ukurasa mwingine umeiiba kwa wale wezi, na ili wasikamatwe na wenzao wameigeuza tena. Namba inasomeka vizuri, gia imerudi kushoto. Jina bado halipo.