Dishi la king'amuzi kwenye gari la kulala: lifungwe paani au likae chini?

MzeeWaCoaster

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mama watoto tumestaafu, na mwaka huu tumeamua kuizunguka nchi bila kukimbizana na ratiba za mabasi. Coaster yetu ya zamani tumeing'oa viti, tukaiwekea kitanda, jiko la gesi na tenki la maji, na njia tuliyoipanga ni Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda hadi Kigoma. Kila kitu kimekaa sawa isipokuwa televisheni. Mwenzangu halali bila taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nami sikubali kusimuliwa mechi za ligi kuu na watu wengine.

Tulipata kwa jamaa mmoja dishi la kuba, lile jeupe linalofanana na sufuria iliyofunikwa, ambalo lilitolewa kwenye gari la kulala lililotoka Uingereza. Tuliambiwa kwamba linajizungusha lenyewe hadi linase setilaiti. Fundi alilifunga paani, akapitisha waya kwenye tundu alilolitoboa juu ya mlango, akaunganisha na king'amuzi chetu cha Azam cha nyumbani. Tulipokwenda Morogoro kwa majaribio, liliunguruma dakika ishirini, likasimama, likaanza upya, likasimama tena. Tulilala huku skrini ikituandikia kwamba hakuna mawimbi, na asubuhi gari halikuwaka kwa sababu betri zilikuwa zimekwisha. Isitoshe, tundu lile linavuja.

Naomba kujua kama kuba hili linaweza kurekebishwa, na kama haliwezekani, je, dishi la kawaida nilifunge paani au niwe nalitua chini kila tunapopiga kambi? Na umeme nifanyeje ili nisiamke tena na gari lililokufa?

FundiWaMoro

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa usumbufu, ila kuba lenyewe halina ubovu. Limefika tu mahali ambapo kile linachokitafuta hakipo. Makuba ya Uingereza kwa kawaida hupangwa kiwandani yatafute setilaiti za Astra zilizo nyuzi 28.2 mashariki, yaani mahali pake angani juu ya Ikweta kwa kipimo cha longitudo, na mwale wa chaneli za Uingereza umeelekezwa kwenye visiwa vile, haufiki huku. London setilaiti hizo huonekana chini chini upande wa kusini-mashariki, kwenye mwinuko wa nyuzi 25 hivi kutoka upeo wa macho. Hapa kwetu mahali pale pale angani pako kwenye nyuzi 75, karibu na utosi, na makuba mengi ya namna hiyo mota zake hazikutengenezwa zitazame juu kiasi hicho. Kwa hiyo ile dakika ishirini ya kuunguruma ilikuwa ni kutafuta jambo lisilopatikana, na betri ndiyo iliyolipa gharama. Unaweza kusoma kitabu chake uone kama kinaruhusu kupangiwa setilaiti nyingine, lakini kama kuba ni la zamani, ushauri wangu ni ulishushe, uzibe tundu kwa silikoni ya paa, kisha uliuze kwa mtu anayerudi nalo Ulaya.

Azam inarushwa kutoka nyuzi 7 mashariki, yaani mbali upande wetu wa magharibi. Ukiwa Dar es Salaam, dishi hutazama magharibi likivutwa kaskazini kidogo, kwenye nyuzi 281 za dira, na mwinuko wake ni nyuzi 52. Jambo la kufurahisha katika safari yako ni kwamba uelekeo haubadiliki sana. Mbeya na Sumbawanga ni nyuzi 287, Kigoma unarudi kwenye 281. Kinachopanda ni mwinuko, kwa sababu kila unavyokwenda magharibi unaisogelea setilaiti: Morogoro ni kama 53 na nusu, Iringa 55, Mbeya 57 na nusu, Sumbawanga 60, Kigoma 63. Ziandike namba hizo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kabati la gari, maana ndizo zitakazokuokolea saa nzima ya kubishana na mwenzako.

Sasa, paani au chini? Kwa setilaiti iliyoinama namna hii mimi nasema chini. Dishi la sentimita 90 mwale wake una upana usiozidi nyuzi 2, maana yake ukikosea kwa uzi mmoja tu kwenda kushoto au kulia, picha inakuwa mashakani. Ukifunga paani, mtu mmoja akigeuka kitandani gari linacheza kwenye springi, na dishi linacheza nalo. Tena kivuli unachokitaka juu ya gari ndicho kinacholiziba dishi. Dishi la chini linakuruhusu uegeshe gari chini ya mwembe na dishi likakae uwanjani, mita 15 za waya zikiwa kati yenu.

Tafuta dishi la sentimita 60 au 80. La 90 linavumilia mvua zaidi, lakini kulilenga ni kazi na upepo wa Makambako utalibeba. Mweleze mtu wa kuchomelea akutengenezee stendi ya miguu mitatu yenye bomba katikati, na hilo bomba ndilo roho ya kazi yote. Bomba lazima lisimame wima kabisa. Likiinama hata kidogo, namba zote nilizokupa hapo juu hazina maana, kwa sababu dishi likizungushwa linapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Tumia pimamaji, ulipime bomba kwa pande mbili, si upande mmoja. Kama huna, funga jiwe kwenye uzi, upate timazi. Kisha ning'iniza dumu la maji la lita 20 katikati ya miguu, ndipo ufunge dishi.

Jambo jingine ambalo watu wengi hulisahau ni LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Kwa kuwa setilaiti hii iko mbali upande wa magharibi nasi tuko karibu na Ikweta, LNB haikai wima, huzungushwa karibu robo ya mduara: Dar es Salaam ni kama nyuzi 77, Mbeya ni 71. Tofauti hiyo ya njiani ni ndogo, hivyo usihangaike nayo. Kabla hujaondoka, mwombe aliyekufungia dishi la nyumbani aiweke sawa kwenye dishi la safari, kisha piga mstari wa rangi ya kucha ya mama unaovuka kutoka kwenye LNB hadi kwenye kishikio chake. Ikilegea kwa mtikisiko wa barabara, utairudisha kwenye mstari bila kumuuliza mtu.

Nyumba_ya_Magurudumu

Natokea Naivasha, nami nina gari dogo la kulala nililolijenga nyuma ya pikapu. Naomba kutofautiana kidogo na fundi, kwa sababu jibu linategemea king'amuzi ulicho nacho. Mimi natumia DStv, ambayo huku kwetu inatoka nyuzi 36 mashariki, na kwa kuwa Naivasha yenyewe iko karibu kabisa na mstari huo na karibu na Ikweta, setilaiti iko utosini kwangu. Nimelilaza dishi la sentimita 60 paani likitazama juu moja kwa moja, na halijawahi kushuka kwa miaka miwili. Nikifika mahali, natia vibao chini ya magurudumu hadi gari lilale sawa, basi.

Kuna sharti moja tu nililojifunza kwa taabu. Siku ya kwanza picha ilikuja vizuri, siku ya pili chaneli nyingi zikapotea ingawa gari lilikuwa limelala sawa kama meza. Nilihangaika mchana mzima hadi nikagundua kwamba jana niliegesha pua ikitazama barabarani na leo inatazama ziwani. Dishi lilikuwa bado linaiona setilaiti, lakini gari lilipogeuka robo ya mduara LNB iligeuka nalo. Setilaiti hurusha chaneli kwa mawimbi ya aina mbili, ya wima na ya mlalo, nayo yakachanganyikana. Tangu hapo huegesha pua ikitazama kaskazini daima, hata kama mandhari nzuri iko nyuma.

Na kivuli cha mti, kwa mtindo wangu, ni haramu.

FundiWaMoro

Dada, hilo la kuegesha kaskazini ni sahihi kabisa na sijawahi kuliona likielezwa vizuri hivyo. Linafaa Naivasha na Nairobi. Ukishuka hadi Dar es Salaam mwinuko wa nyuzi 36 mashariki ni kama 81, na hapo nyuzi 9 zilizopungua kutoka 90 za utosini zinatosha kulifanya dishi lililolazwa paani lisione kitu. Mzee anatumia setilaiti ya nyuzi 7, hivyo kwake stendi haiepukiki.

UmemeWaGari

Mzee, shikamoo. Nitajibu la betri peke yake. Coaster nyingi za dizeli zina mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Televisheni na king'amuzi ni vya volti 12. Nina wasiwasi kwamba aliyekufungia alichukua umeme kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili, kwa sababu ndiyo njia rahisi na nimeiona kwenye magari mengi. Ikiwa ni hivyo, betri moja inanyonywa kila usiku na nyingine inabaki imejaa, na asubuhi chaji inapoingia, ile iliyojaa inachemshwa na ile iliyochoka haijai. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, nawe unaambiwa betri ulizonunua ni bandia.

Fungua kifuniko utazame. Kama waya mwekundu wa televisheni umetoka kwenye kiungo kilicho katikati ya betri mbili, uondoe leo hii. Weka betri ya tatu ya volti 12, ya amp-saa 100, kwa ajili ya nyumba tu, uichaji kwa paneli ya jua kupitia chaja yake. Betri za gari ziachie gari.

Hesabu yake haitishi. Televisheni ya inchi 24 hula kama wati 30, king'amuzi pamoja na LNB kama wati 15, jumla 45, ambazo kwa volti 12 ni karibu ampea 4. Ukitazama saa tatu umetumia amp-saa 12 hivi, na betri ya kawaida ya maji usiinyonye kupita nusu yake, kwa hiyo bado una nafasi ya taa na kuchaji simu. Usitumie inveta ya kupandisha hadi volti 230 kisha adapta ikashusha tena hadi 12, kwa sababu unalipa umeme mara mbili kwa kazi ile ile. Soma kwanza maandishi ya adapta ya king'amuzi chako. Ikiwa imeandikwa kwamba inatoa volti 12, nunua konvata, yaani kifaa cha kurekebisha volti, inayotoa volti 12 zisizoyumba, maana betri inayochajiwa hupanda hadi 14 na zaidi.

Waya mwembamba pia ni adui. King'amuzi ndicho kinachoilisha LNB kupitia waya ule ule wa picha, volti 13 kwa mawimbi ya wima na 18 kwa ya mlalo. Kiungo kikiingia maji au waya ukibanwa na mlango, volti hazifiki zilivyotoka, ndipo unaona baadhi ya chaneli zipo na nyingine hazipo.

MzeeWaCoaster

Ndugu zangu, nawaandikia kutoka Mbeya. Nawashukuru wote, na wewe wa umeme ulikuwa kama umesimama karibu na gari langu: waya mwekundu ulitoka pale pale katikati. Kuba limeshuka, tundu limezibwa, betri ya nyumba iko chini ya kitanda.

Iringa tulipata picha kwa dakika kumi na mbili. Ruaha Mbuyuni ndipo tulipokwama, na kosa lilikuwa langu. Dira niliiweka juu ya boneti ili nione vizuri, nayo ikavutwa na chuma cha gari, tukatafuta magharibi ambayo haikuwa magharibi. Mwenzangu ndiye aliyechukua dira akaenda nayo hatua kumi uwanjani, akanyoosha mkono, akasema ni pale, kwenye mbuyu. Na kweli ilikuwa ni kwenye mbuyu! Ilitubidi tuhamishe stendi mita kadhaa hadi anga ilipoonekana pembeni ya shina. Nimejiwekea kanuni kwamba mti wa mita 10 ulio upande wa dishi niuache mbali kwa zaidi ya mita 7.

Swali moja limebaki. Hapa Mbeya kipimo changu kidogo cha kutafutia setilaiti, kile kinachopiga filimbi kikinasa mawimbi, kinalia kwa nguvu, king'amuzi kinaonyesha nguvu ya mawimbi asilimia 80, lakini ubora ni sifuri. Mwinuko nimeuweka 57 kwa alama zilizo kwenye bano la dishi.

FundiWaMoro

Umenasa setilaiti ya jirani, mzee. Filimbi haijui majina, inalilia setilaiti yoyote, na mstari wa nguvu hujaa hata ukielekeza kwenye isiyo yako. Uutazame mstari wa ubora peke yake. Legeza nati za mwinuko kidogo, shika dishi kwa mikono miwili pembeni, lisogeze kama unene wa kidole, ungoje king'amuzi kihesabu sekunde tano, kisha usogeze tena. Anza kwa kushusha, maana setilaiti jirani zilizo mashariki ya yako ziko juu zaidi.

MzeeWaCoaster

Tumeshusha vidole viwili, ubora umepanda hadi 70. Taarifa ya habari imeanza, mama anasema nizime simu.